Nane ya Mzee Mbonea

Hapo zamani, na msidhani nasema ile zamani ya sungura kuongea, maana zamani yangu hii ina sindano, bahasha na fomu ndani yake, palikuwa na kijiji cha milimani ambacho nyumba zake hazikukaribiana. Moja huku kwenye migomba, nyingine kule ng'ambo ya korongo. Ukiishiwa chumvi, ni safari. Ukiishiwa mtu wa kuzungumza naye, hiyo ni safari ndefu zaidi.

Humo aliishi Mzee Mbonea. Mkewe alikuwa amefariki, wanawe wamehamia mijini, na waliomsalimu walimsalimu wakipita. Siku moja aliinama kuinua mzigo wa majani ya ng'ombe. Kitu kikalia kiunoni, kwach! Moto ukaanzia hapo, ukashuka nyuma ya paja, ukavuka goti, ukatua kwenye kidole gumba cha mguu. Tangu siku hiyo Mzee Mbonea hakuweza kuketi. Alikula amesimama. Kanisani alisimama ukutani. Msibani, wenzake wameketi chini kwenye mikeka, yeye alisimama peke yake pembeni, na watu wakanong'ona, "Mzee Mbonea siku hizi ana maringo, hataki kukaa chini na sisi." Kidogo kidogo wakaacha kumwita.

Nyie mnacheka, lakini maumivu yale yana ubaya wake. Mwenye kidonda hufunga kitambaa, akaambiwa pole. Mwenye mshipa wa fahamu uliobanwa mgongoni atafunga kitambaa wapi?

Basi, siku hizo akaja daktari kwenye zahanati ya bondeni. Jina lake Daktari Haule, mtu mrefu, mpole, msema machache. Hakuja kutibu tu, alikuja kutafiti. Akawakusanya watu barazani akawaambia, "Ipo sindano ya kupunguza uvimbe, inachomwa karibu kabisa na mshipa uliobanwa. Wapo madaktari wanaosema inasaidia. Wapo wanaosema ni imani ya mgonjwa tu. Mimi nataka kujua ukweli. Nahitaji watu arobaini. Ishirini watachomwa dawa, ishirini watachomwa maji ya chumvi. Nani kapata nini, hamtajua nyinyi, wala nesi, wala mimi. Majina yatafungwa kwenye bahasha mpaka siku ya mwisho. Anayekubali akubali akijua hivyo."

Watu wakakubali. Mtu aliyeumwa miaka mitatu atakataa nini?

Daktari akawapima mmoja mmoja. Unalala chali, umetulia. Daktari anashika kisigino, anainua mguu ukiwa umenyooka. Ukilia maumivu ya kiuno peke yake, hapana, rudi nyumbani, ugonjwa wako ni mwingine. Moto ukipiga mbio ukapita chini ya goti, naam, huyo mshipa wake umebanwa. Siku ya kuandikisha, Mzee Mbonea alilala kitandani, mguu wake haukufika hata nusu ya njia. Alipiga ukelele uliowatoa kuku chini ya dirisha. Akaandikwa. Alikuwa wa arobaini.

Alipotoka mlangoni alipishana na mwanamke anayeingia, anashika ukuta kwa mikono miwili. Huyo ni Bi Nakiete, fundi cherehani, mjane, nyumba yake juu kabisa ya kijiji. Alikuwa ameteremka tangu alfajiri, kila jiwe akipumzika. Nesi akamwambia, "Pole sana mama, arobaini wameshatimia."

Bi Nakiete akamtazama Mzee Mbonea, akasema, "Hewala. Baba umenitangulia, na wewe ni mkubwa wangu. Mimi nitangoja majibu. Dawa ikionekana nzuri si wataleta ya watu wote?"

Daktari akasema, "Tukiona inafaa, italetwa."

"Basi nitangoja," akasema, akaanza kupanda mlima upya.

Sasa sikilizeni kanuni, maana hadithi yote imekaa juu ya kanuni. Kila wiki nesi alipaswa kumtembelea kila mgonjwa kwake, kila mmoja kwa siku yake, na ya Mzee Mbonea ilikuwa Alhamisi, amuulize maswali ishirini na mawili. Swali la mwisho ni hili: kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni namba ngapi? Na nesi aliapishwa: andika anachosema mgonjwa, usiandike unachokiona. Mgonjwa akisema tatu au chini ya tatu kwa wiki mbili mfululizo, amepona, jina lake linafungwa, hatembelewi tena. Na madaktari wakubwa wa mjini walikuwa wameshasema tangu mwanzo: wakipona kumi na wawili kati ya wale ishirini wa dawa, sindano italetwa. Wakipungua hapo, hailetwi.

Nesi mwenyewe aliitwa Kokushubira. Alitoka mbali, upande wa ziwa, na pale mlimani hakuna hata mmoja aliyejua kumsalimu kwa lugha ya kwao. Alipanga chumba kimoja nyuma ya zahanati. Sokoni walimwita "yule wa namba". Alikuwa binti mchangamfu, na uchangamfu wake ulikuwa ukioza kwa kukosa wa kumpa.

Alhamisi ya kwanza baada ya sindano akafika kwa Mzee Mbonea.

"Hodi. Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

Akauliza. Umelala usingizi? Umevaa viatu mwenyewe? Umeweza kutembea umbali gani? Umeweza kukaa muda gani? Mzee akajibu, na akijibu alimwangalia yule binti usoni. Tangu mkewe afariki, hakuna mtu aliyemuuliza kama amelala usingizi.

"Namba, babu?"

"Tisa, mjukuu wangu."

"Naandika tisa."

Alhamisi ya pili mzee alikuwa amefagia uwanja. Namba, babu? Nane. Naandika nane. Alhamisi ya nne alikuwa amechemsha chai ya tangawizi. Nesi akasema, "Taratibu haziniruhusu kunywa kwa mgonjwa, babu." Chai ikapoa mezani. Namba? Sita. Naandika sita. Alhamisi ya saba, chai tena, na ndizi za kuchoma pembeni. Namba? Tano, mjukuu wangu, tena jana nimekaa kwenye kigoda nikala ugali nimekaa! Nesi akacheka kwa furaha. Naandika tano.

Alhamisi ya tisa, mzee mwenyewe akasema, "Tatu."

Nesi Kokushubira akapiga makofi. "Hongera babu! Ukisema tatu tena Alhamisi ijayo, tunafunga jina lako. Umepona! Sitakusumbua tena."

Alisema kwa nia njema kabisa. Alidhani analeta habari njema.

Wiki ile ilikuwa ndefu kwa Mzee Mbonea. Alilisha ng'ombe, hakuumia. Aliinama mferejini kufungua maji, hakuumia. Aliketi kibarazani jua likiwaka, mgongo umetulia, mguu umetulia, akasikiliza njia. Hapakuwa na mtu anayekuja. Alijaribu kujiuliza mwenyewe kwa sauti, "Umelala usingizi, Mbonea?" Sauti yake ikamtia aibu, akanyamaza.

Alhamisi ya kumi ikafika.

"Namba, babu?"

Mzee akaangalia pembeni. "Nane."

Nesi akainua macho. "Nane, babu?"

"Imerudi, mjukuu wangu. Nane."

"Pole. Naandika nane."

Mnasema nini huko nyuma? Mwongo? Subirini, waongo bado wanakuja.

Alhamisi ya kumi na mbili nesi alifika mapema. Akapita njia ya migombani, na kabla hajapiga hodi akaona. Mzee Mbonea anatoka bondeni, amejitwika mzigo wa majani mkubwa kuliko yeye, anapanda mlima huku akiimba. Nesi akasimama nyuma ya mgomba. Angefanya nini? Fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika alichokiona. Na alikuwa ameapa. Na kuna jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu: katika siku saba za wiki, ile ndiyo saa pekee aliyoitwa mjukuu.

Akahesabu polepole mpaka mia. Akasikia mzigo unatupwa, mlango unalia, fimbo inaokotwa. Hapo ndipo akakohoa kwa nguvu. "Hodi!"

Mzee akatoka anachechemea, amesahau ni mguu upi.

"Namba, babu?"

"Nane, mjukuu wangu."

"Naandika nane," akasema. Na siku hiyo aliinywa ile chai.

Ikawa hivyo Alhamisi hata Alhamisi. Anafika, anasimama mgombani, anahesabu mia, anakohoa. Namba? Nane. Naandika nane. Kisha chai, kisha mazungumzo ya mvua, ya ng'ombe, ya marehemu bibi, ya samaki wa kwao ziwani.

Na daktari je? Kila mwezi daktari aliwapima upya arobaini wote. Mwezi wa tano Mzee Mbonea akalala chali, daktari akashika kisigino, akainua. Mguu ukapanda. Ukapita nusu ya njia, ukasimama wima, kimya, na mzee anatazama dari anawaza mambo yake. Mara akakumbuka. "Uwii!" akalia, mguu umeshafika juu zamani.

Daktari Haule akaandika: mguu umepanda wote. Akaangalia fomu ya nesi: namba nane. Akaviweka vile vikaratasi viwili sambamba mezani. Angeweza kuuliza, "Mzee, kuna nini?" Neno moja tu. Lakini utaratibu alioupanga mwenyewe ulisema kinachohesabiwa ni namba ya mgonjwa, na alijivunia utaratibu wake, maana kwa miaka minne ya kuuandaa hakuwa na kingine. Jioni zake alikula na redio. Akafunga jalada, akaita, "Anayefuata!"

Siku ya majibu ikafika. Watu wakajaa kwenye baraza ya zahanati. Bi Nakiete naye aliteremka, na kwa kuwa hakuweza kukaa wala kusimama kwa muda mrefu, walimtandikia mkeka nyuma akalala ubavu. Daktari akafungua bahasha mbele ya watu wote, akasoma, akahesabu.

"Waliopata maji ya chumvi, wamepona wanne," akasema. "Waliopata dawa, wamepona kumi na mmoja. Ilitakiwa kumi na wawili. Kwa hiyo sindano haitaletwa. Utafiti utarudiwa mahali pengine. Labda baada ya miaka mitatu."

Kutoka nyuma ikasikika sauti ya Bi Nakiete, haina hasira hata kidogo. "Basi nipeni mkono niinuke, niende zangu mapema. Mlima ule ni mrefu."

Mzee Mbonea akauliza, "Daktari, mimi nilipata nini?"

"Ulipata dawa, mzee. Lakini haikukusaidia. Nane."

Fimbo ikamtoka mkononi. Akasimama bila fimbo mbele ya kijiji kizima, akasema, "Ilinisaidia. Nilipona zamani. Nilisema uongo. Mimi ndiye wa kumi na wawili."

Watu wakapiga kelele. "Badilisha, daktari! Andika upya!" Daktari akatikisa kichwa, machozi yanamlenga. "Siwezi. Bahasha zimefunguliwa. Nikibadilisha moja baada ya kujua majibu, nani ataziamini zile thelathini na tisa? Nitaandika barua, nitasema kilichotokea. Lakini namba itabaki nane."

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Aliyemkosea mwenzake hakutozwa faini. Alitozwa maji. Alimchotea aliyekosewa maji kila siku, akampikia, akakaa naye, mpaka yule apone au aseme yatosha. Mwenyekiti wa kitongoji, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, akasimama. "Huyu Nakiete angepata dawa, sasa hapati. Amekosewa. Nani mwenye kosa? Nataka mmoja tu. Kosa likibebwa na watu watatu, kila mtu humwachia mwenzake, na ndoo hubaki tupu."

Mzee Mbonea akawa wa kwanza. "Ni mimi. Kinywa kilichosema nane ni hiki hapa. Nilichukua nafasi ya arobaini mbele ya macho yake, halafu nikaitupa. Nilijua yuko juu kule anangoja majibu. Nilijua, na kila Alhamisi nilichagua chai yangu. Nipeni ndoo."

Nesi Kokushubira akamkatiza. "Hapana, ni mimi. Babu alisema uongo mmoja, mimi niliulinda wiki kumi na mbili. Nilimwona na mzigo begani, nikahesabu mpaka mia ili apate muda wa kuchechemea. Yeye hakujua bahasha ina nini wala kumi na wawili ni nini. Mimi nilijua hesabu. Nilijificha nyuma ya kiapo. Nipeni mimi ndoo."

Daktari Haule akavua koti lake jeupe, akalikunja. "Nyamazeni. Kanuni ni ya nani? Ni mimi niliyeandika kwamba anayepona aachwe. Nilimfanya mtu mpweke achague kati ya afya na mgeni wake, halafu nashangaa alichochagua? Na mguu ule niliuinua kwa mikono yangu. Wao walisema na kuandika. Mimi nilikuwa na ukweli mezani nikafunga jalada. Ndoo ni yangu."

"Ni yangu mimi!"

"Babu, niachie!"

"Nimesema ni yangu!"

Wakavutana. Mtu mzima na daktari na nesi, wanagombania adhabu. Hapo mwenyekiti akakunja uso, akawatazama mmoja baada ya mwingine, na kitu kikamwingia akilini.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Mzee Mbonea, kwako kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Nesi, kazi imekwisha leo. Kuanzia kesho Alhamisi zako utazipeleka wapi?"

Nesi akainamisha kichwa.

"Daktari, ukirudi mjini nani anakungoja?"

Daktari akazidi kulikunja koti lake.

"Naona sasa," mwenyekiti akasema. "Kila mmoja anaomba adhabu, na adhabu yenyewe ni kukaa na mtu. Nikimpa mwenye kosa kubwa kuliko wote, nitakuwa nimempa zawadi. Nikimnyima, Nakiete atakaa bila maji." Akageuka kuwaangalia wanakijiji. Mzee Mbonea alikuwa ameumwa mwaka mzima kati yao, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Na mimi nina kosa langu." Wote waliangalia miguu yao. Mwenyekiti mwenyewe, nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ya Mzee Mbonea, naye akaangalia miguu yake.

Ndipo Bi Nakiete, aliyekuwa ameshainuka, ameshika nguzo ya baraza, akasema, "Na mimi mwenye maji hamniulizi?"

"Sema, mama."

"Mzee huyu akija, atakuja kwa sababu nyumba yake haina sauti. Binti huyu akija, atakuja kwa sababu kwao ni mbali. Daktari akija, atakuja ili alale usingizi. Mimi ningependa mmoja aje kwa ajili ya Nakiete. Lakini nimelala ubavu peke yangu mwaka na nusu, jamani. Nikisikia hodi, sitauliza imekuja kwa ajili ya nani. Nitasema karibu." Akavuta pumzi. "Chagueni basi. Mimi naanza kupanda, maana nikichelewa jua litanikuta njiani."

Akaondoka, jiwe kwa jiwe, anapumzika. Wao wakabaki barazani wakibishana. Mzee anasema kinywa ni changu. Nesi anasema kalamu ni yangu. Daktari anasema kanuni ni yangu. Mwenyekiti amekamata ndoo kwa mikono miwili, hajui ampe nani, na huko juu mlimani mgongo wa yule mama unazidi kuwa mdogo machoni.

Mimi niliwahi kusema ni ya mzee, mke wangu akaninunia siku mbili. Nikasema ni ya daktari, mama mkwe akanicheka. Sasa sisemi tena. Nyinyi mlioketi, mnaoweza kuketi, nawaachia. Bi Nakiete anakaribia kwake, na kule ndani hakuna maji. Je, nani alistahili kupewa ile ndoo?